Vibua wamekaangwa wakakauka, mbona wateja wanawashwa?

Swali: Nauza chakula Mwanjelwa, Mbeya. Nilinunua katoni ya vibua wa barafu wanaotoka nje, nikawakaanga mpaka wakakauka. Muda mfupi baada ya kula, wateja watatu walilalamika uso kuwaka moto, kichwa kuuma na mwili kuwasha. Waliokula sato hawakupata kitu. Je, vibua hawa wana kemikali? Na kwa nini serikali isipige marufuku samaki wa nje?

Jibu: Dada yangu, kabla ya kufikiria kemikali za kiwandani, mimi naishuku histamini, sumu inayojitengeneza ndani ya samaki aliyekaa kwenye joto. Nyama ya vibua, jodari na dagaa wa baharini ina histidini nyingi, moja ya viini vinavyojenga protini. Samaki hao wakipata joto baada ya kuvuliwa, bakteria huigeuza kuwa histamini. Sato ana histidini kidogo. Kukaanga kunaua bakteria, lakini histamini yenyewe haiondolewi na mafuta ya moto, wala kuchemsha, wala kugandisha upya. Tena samaki anaweza kuwa nayo bila kunuka. Mteja akisema samaki anauma ulimi kama pilipili, usibishane naye, ondoa sahani.

Waliharibikia wapi? Huenda ni huko huko melini, huenda ni kwetu. Kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, ni histamini isiyozidi miligramu 200 kwa kilo, lakini cheti cha bandarini kinaeleza hali ya mzigo siku ulipopimwa tu. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800: joto la Morogoro na Mikumi, foleni za mizani, na pengine dereva aliyezima mashine ya baridi ili abane mafuta. Halafu kuna imani yetu moja inayonikera, eti baridi ya Uyole hapa Mbeya mwezi wa saba inatosha, samaki ashinde kwenye beseni. Haitoshi! Samaki hawa wanataka chini ya nyuzi 4, na mchana wetu hata Julai unapita hapo kwa mbali.

Marufuku siiungi mkono. Mwishoni mwa 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 ukazuia tena kwa sababu ya uvuvi wa sumu. Wakaumia hata wavuvi ambao sumu hawakuwahi kuishika. Kanuni za Shirika la Biashara Duniani zinataka anayezuia chakula awe na ushahidi wa kisayansi, na sisi tunaouza nje tunazihitaji. Ninachodai ni gari la samaki liwe na rekodi ya joto tangu bandarini. Lisilonayo, mzigo usishushwe sokoni. Najua kibua atapanda bei. Afadhali apande, kuliko mama ntilie kubebeshwa lawama ya mzigo uliomfikia umeshaharibika.

Ukinunua, fungua katoni hapo hapo. Barafu yenye damu chini, au samaki waliopinda wakagandana, ni dalili kwamba waliyeyuka wakagandishwa tena. Yeyushia ndani ya friji, kiasi cha kukaanga siku hiyo tu.

Wateja wako huenda wamepona ndani ya saa chache. Anayebanwa kifua apelekwe hospitali mara moja. Katoni iliyobaki usiuze hata kwa hasara. Iache imeganda, kando na vyakula vingine, lebo ikiwa juu yake, kisha toa taarifa ofisi ya kanda ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) hapo Mbeya. Tangu 2019 masuala ya chakula yako kwao.