Maswali na Majibu: Kupima Picha za Kamera Ndogo ya Gari na Kuzitazama Inavyopasa

Maswali ya safari hii yote yanahusu kamera ndogo zinazobandikwa kwenye kioo cha mbele cha gari ili kurekodi barabara. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Boksi la kamera yangu limeandikwa 4K. Nitajuaje kama picha zake ni nzuri kweli bila kutegemea maneno ya boksi?

Amua kwanza picha nzuri ni ipi kwa kazi ya kamera hii. Video ya gari haitazamwi kwa ajili ya mandhari. Hutazamwa siku ambayo mtu anataka kujua gari lililomgonga na kukimbia lilikuwa na namba gani, taa ilikuwa ya rangi gani, na ni nani aliyehama njia yake. Kwa hiyo kipimo cha haki ni kuisimamisha video kwenye fremu moja, yaani picha moja tuli kati ya nyingi zinazounda video, na kujaribu kusoma namba. Video inaweza kupendeza sana inapotembea, kisha ukiisimamisha ukakuta kila fremu ina ukungu, kwa kuwa macho huunganisha fremu nyingi na kujiridhisha kuwa yameona kitu kilicho wazi.

Egesha gari lako mchana nyuma ya gari jingine lililosimama, urekodi kwa nusu dakika ukiwa mita 5 kutoka kwenye kibao chake cha namba, kisha mita 10, kisha mita 15. Rudia usiku taa za mbele zikiwa zimewashwa. Baada ya hapo rekodi ukiwa kwenye mwendo, magari mengine yakikupita na mengine yakija mbele yako. Hamishia mafaili kwenye kompyuta, simamisha fremu moja moja, na uandike namba inasomeka hadi umbali gani katika kila hali. Umbali huo utakuambia mengi kuliko tangazo lolote.

Hesabu ndogo itakuonyesha kwa nini umbali una uzito mkubwa hivyo. Video ya 1080p ina pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 1,920 kwa upana, na lenzi inayoona upana wa nyuzi 140 huzisambaza zote kwenye eneo hilo pana, yaani takriban pikseli 14 kwa kila nyuzi moja. Kibao chenye upana wa sentimita 50 kikiwa mita 10 mbele yako huchukua karibu nyuzi 3 tu, kwa hiyo hupata pikseli 40 hivi, na ukizigawa kwa herufi na tarakimu saba, kila moja hubakiwa na pikseli tano au sita, kiasi ambacho kinasomeka kwa shida. Video ya 4K yenye pikseli 3,840 kwa upana huzidisha kiasi hicho mara mbili, na hapo tofauti ya 8 na B huanza kuonekana. Haya ni makadirio, kwa sababu lenzi pana haigawi pikseli sawasawa kutoka katikati hadi pembeni, lakini yanaeleza pia kwa nini lenzi ya nyuzi 170, inayosifiwa kwa kuona pande zote, mara nyingi husoma namba vibaya kuliko ya nyuzi 130 yenye pikseli zilezile.

Kuhusu neno 4K lenyewe, fremu ya kiwango hicho ina pikseli milioni 8.3 hivi, na zipo kamera ndogo ambazo sensa yake, yaani kipande kinachopokea mwanga, ina milioni mbili tu, kisha programu ya ndani huivuta picha ili ifikie ukubwa huo. Njia ya kuzigundua ni kurekodi mahali pamoja, katika mwanga uleule, mara moja kwa 4K na mara moja kwa 1080p, halafu kuikuza sehemu yenye maandishi madogo. Kama faili kubwa halionyeshi kitu chochote ambacho faili dogo halionyeshi, picha imevutwa, na unajaza kadi bila faida.

Mchana namba zinasomeka vizuri, lakini usiku magari yanayokuja mbele yangu ni michirizi ya mwanga tu. Je, kamera yangu ni mbovu?

Huenda si mbovu hata kidogo. Gari linalokwenda kilomita 90 kwa saa husogea mita 25 kila sekunde. Mchana kamera hupata mwanga wa kutosha kwa kila fremu katika sehemu moja ya elfu ya sekunde, na katika muda huo gari husogea sentimita mbili na nusu. Usiku hulazimika kupokea mwanga kwa muda mrefu zaidi, pengine sehemu moja ya thelathini ya sekunde, na gari lilelile huwa limesogea sentimita 83 kabla fremu moja haijakamilika. Ikiwa nawe unakwenda kwa kasi hiyo kuelekea kwake, mwendo huo huongezeka maradufu. Hakuna idadi ya pikseli inayoweza kurudisha maandishi yaliyopakwa juu ya nafasi hiyo yote.

Ndiyo maana gari lililo mbele yako, likienda upande mmoja nawe kwa kasi inayokaribiana na yako, husomeka usiku hata na kamera ya kawaida, ilhali la upande wa pili halisomeki. Usipime kamera kwa gari linalokuja peke yake ukaihukumu isivyo haki.

Hata hivyo, yapo yanayosaidia. Sensa zilizotengenezwa kwa ajili ya mwanga hafifu, kama zile za Sony za jina STARVIS, hukusanya mwanga mwingi zaidi katika muda mfupi, na tofauti yake huonekana kwa macho. Pili, vibao vya namba hutengenezwa virudishe mwanga, kwa hiyo taa zako mwenyewe huweza kuvifanya vyeupe tupu visivyo na maandishi. Ingia kwenye mipangilio ya kamera ushushe kiwango cha mwangaza hatua moja au mbili, kisha urudie jaribio la usiku. Picha nzima itakuwa na giza zaidi na haitapendeza, lakini namba inaweza kujitokeza. Tatu, mfumo wa HDR, ambao huchanganya fremu yenye mwanga mwingi na yenye mwanga kidogo, hupunguza weupe wa taa, ingawa katika baadhi ya kamera huacha kivuli cha pili nyuma ya vitu vinavyokwenda kasi. Uujaribu ukiwa umewashwa na ukiwa umezimwa.

Nami naomba usizime maikrofoni. Likitokea jambo usiku, itaje namba ya gari kwa sauti mara tu uionapo. Sauti hiyo hurekodiwa ndani ya faili pamoja na saa yake, nayo husikika hata pale picha iliposhindwa.

Picha zangu zina ukungu hata mchana. Lenzi imeharibika?

Kagua kwanza kama karatasi nyembamba ya plastiki ya kiwandani bado imefunika lenzi, maana wengi huisahau. Kisha safisha kioo cha gari kwa ndani, mahali hasa kamera inapotazamia, kwa sababu tabaka la mafuta na vumbi linalojikusanya hapo halionekani vizuri mpaka jua liangaze kutoka mbele. Ikiwa unachokiona ni mwako wa dashibodi kwenye kioo, ondoa vitu vyeupe vilivyowekwa juu yake, au tumia kichujio cha kupunguza mng'ao ambacho hufungwa mbele ya lenzi na kuzungushwa mpaka mwako upungue. Kichujio hicho hupunguza pia mwanga unaoingia, kwa hiyo kwa safari za usiku ni afadhali kukitoa.

Nilipotazama video, taa ya barabarani ilionekana imezimika kabisa, ilhali nakumbuka ilikuwa ya kijani. Inawezekanaje?

Taa nyingi za LED haziwaki mfululizo. Zikitumia umeme wa hezi 50 huweza kupungua na kuongezeka mara 100 kwa sekunde, na zikitumia umeme wa hezi 60, mara 120. Jicho halitambui hilo, lakini kamera hulitambua. Ikirekodi fremu 30 kwa sekunde chini ya taa ya mara 120, kila fremu hupatana na hatua ileile ya mzunguko wa taa, na zikipatana na hatua ya kufifia, taa itaonekana imezimika kwa sekunde kadhaa mfululizo. Baadhi ya watengenezaji wamechagua fremu 27.5 kwa sekunde ili mpatano huo usitokee. Katika video za namna hiyo taa hupepesa, jambo linaloudhi macho, lakini rangi yake inajulikana, na kwa ushahidi hilo ndilo la maana. Kama kamera yako ina chaguo la hezi 50 au 60, simama mbele ya taa mchana, urekodi kwa chaguo zote mbili, kisha ubakie na lile ambalo halifichi taa kwa muda mrefu.

Nikicheza faili kwenye kompyuta, video inakwamakwama au nasikia sauti tu. Kamera inarekodi vibaya?

Mara nyingi tatizo liko upande wa kompyuta. Kamera mpya hubana video kwa mfumo wa H.265, uliotoka mwaka 2013, badala ya H.264 wa mwaka 2003. Mfumo mpya hutunza ubora uleule kwa karibu nusu ya ukubwa wa faili, lakini unadai kazi nyingi zaidi wakati wa kufungua, na kompyuta isiyo na sakiti maalumu ya kazi hiyo huelemewa. Nakili faili kwenye diski ya kompyuta kwanza, usilicheze moja kwa moja kutoka kwenye kamera kupitia waya, kisha litazame kwa programu ya bure ya VLC, inayofungua mifumo yote miwili. Ikiendelea kukwama, badilisha mpangilio wa kamera urudi H.264, ukijua kwamba mafaili yataongezeka ukubwa.

Ukiwa ndani ya VLC, simamisha video kisha bonyeza herufi E; kila mbonyezo utakupeleka mbele fremu moja. Fremu moja kati ya kumi huweza kuwa na namba iliyo wazi, nawe ungeikosa kwa kutazama video ikikimbia.

Natazama video kwa simu kupitia Wi-Fi ya kamera na zinaonekana hafifu. Je, kamera inadanganya?

Unachokitazama pengine si faili lenyewe. Programu nyingi za simu huonyesha nakala iliyopunguzwa ili iweze kupita kwenye Wi-Fi bila kukatika. Pakua faili kamili ndipo uhukumu. Ukilituma kwa mtu kupitia WhatsApp, litume kama hati, kwa sababu likitumwa kama video hubanwa tena na maandishi madogo hupotea.

Kamera ilizimika gari lilipogongwa, na faili la mwisho halifunguki. Kuna la kufanya?

Faili la video la MP4 kwa kawaida huandikiwa faharasa yake, yaani orodha ya mahali kila kipande kilipo, mwishoni, baada ya kurekodi kukamilika. Umeme ukikatika kabla ya hapo, picha zipo ndani ya kadi lakini programu ya kuchezea video haijui zilipo. Acha kurekodi kwa kadi hiyo mara moja, itoe, na ufanye nakala ya kila kilichomo. Zipo programu za kurekebisha ambazo hulitumia faili zima la kamera hiyohiyo kama kielelezo na kulijengea upya faharasa lililoharibika. Nyingi hufanikiwa, japo si kila mara.

Kwa wengine ambao hawajafikwa na hilo, nawasihi walifanye jaribio ambalo wengi hawalifanyi. Kamera ikiwa inarekodi, chomoa waya wa umeme ghafla, kisha utazame kama faili la mwisho linafunguka na linafika hadi sekunde uliyochomoa. Kamera nzuri huwa na betri ndogo au kapasita (kifaa kidogo kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi) ya kuipa sekunde chache za kufunga faili. Kapasita huvumilia joto la gari lililoegeshwa juani kuliko betri ya lithiamu, ambayo huweza kuvimba. Kamera ikishindwa jaribio hili mara kwa mara ndani ya muda wa dhamana, irudishe ilikonunuliwa, hata kama picha zake ni safi kiasi gani.

Kadi ya GB 64 inatosha saa ngapi?

Kamera inayoandika megabiti 15 kwa sekunde hutumia karibu GB 6.75 kwa saa, kwa hiyo utapata saa tisa hivi kabla ya mafaili ya zamani kuanza kufutwa. Kwa megabiti 30, nusu yake. Muda huo hupungua kadiri mafaili yaliyofungwa na kihisi cha mtikisiko yanavyoongezeka, kwa kuwa hayo hayafutwi kwa mzunguko wa kawaida. Barabara yenye mashimo itayajaza bila ajali yoyote, basi punguza wepesi wa kihisi. Chagua kadi iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo, yenye alama ya V30, inayoonyesha kasi ya kuandika ya angalau megabaiti 30 kwa sekunde, na kabla ya kuiamini ipime kwa programu ya H2testw au F3, ambazo huijaza yote na kuisoma tena. Kadi bandia huonyesha ukubwa isiokuwa nao, na huanza kupoteza video baada ya kufika mwisho wa nafasi yake halisi.

Saa inayoandikwa kwenye video haiko sawa, ingawa kamera ina GPS.

GPS huipa kamera saa ya dunia, UTC, nawe unapaswa kuiambia uko kwenye ukanda gani. Weka ukanda huo, rekodi dakika moja huku ukiielekeza kamera kwenye saa ya simu, kisha ulinganishe. Rudia kila baada ya kusasisha programu ya kamera, kwa sababu mipangilio hiyo huweza kurudi ya kiwandani.