Gemu la mtoto wako linapofungwa

Binti yangu alikuwa na miaka 7 na nyota 412. Gemu lake la hesabu lilimwahidi mashua akifikisha 500, na kila jioni aliandika idadi mpya kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni. Jumamosi moja akawasha tableti akakuta mistari miwili: huduma imesitishwa, asanteni. Akaniletea. "Mama, nyota zangu wamezipeleka wapi?"

Nikamwambia mtandao unasumbua. Siku mbili nzima alikuwa akiamka na kuiwasha tena. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko hata pesa ya mwaka mzima niliyokuwa nimelipa kwa simu. Taarifa ya kufungwa ilikuja kwa barua pepe wiki sita kabla, ikazama kwenye matangazo.

Magemu mengi ya aina hii hayakai ndani ya tableti. Nyota na hata maswali hutunzwa kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni iliyo mbali, na seva inataka fedha kila mwezi. Wateja wakipungua, inazimwa. Hata yenye jina kubwa hufikwa na haya: School of Dragons, gemu la Marekani lililofundisha watoto sayansi kupitia ufugaji wa majoka, lilizimwa Juni 2023.

Mzazi mwenzangu, kabla ya kulipa, shusha gemu, zima data na waifai, kisha ulifungue na ulicheze kidogo. Likigoma, ujue unakodi. Basi lipa mwezi kwa mwezi.

Yasiyotegemea intaneti yapo. GCompris, programu ya magemu ya kujifunzia, ni ya bure, ina shughuli zaidi ya 100, nasi tunaitumia kwenye kompyuta kuukuu. Tena sisi wa Tanga tuna la kujivunia: shindano la Global Learning XPRIZE lilijaribu programu za Kiswahili kwenye vijiji vya mkoa wetu, watoto wakijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa tableti zilizochajiwa kwa umeme wa jua. Mwaka 2019 timu mbili, onebillion na Kitkit School, ziligawana zawadi kuu ya dola milioni 10. Kwangu mimi kilicho kikubwa zaidi ni sharti la shindano: programu zilizofika fainali ziwe wazi kwa yeyote kuzichukua na kuziendeleza. Kampuni ikifunga milango, kazi yake haifi nayo.

Na mtoto mwambie ukweli siku hiyo hiyo. Siku ya tatu nilikaa na binti yangu sakafuni nikamweleza. Alilia, akanyamaza, kisha akauliza kama namba za mlangoni nazo zitafutwa. Nikasema hizo ni zako. Akatafuta kopo la vizibo vya soda, akatangaza kwamba kila hesabu sahihi ni kizibo kimoja, na kwamba anaanzia 413. Mashua ameikata kwenye boksi la sabuni, bado haijapakwa rangi.