Msiunganishe stoo kabla kila spea haijaandikwa namba yake

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema maduka yenu manne ya spea pale Nyakato mnataka kuunganisha orodha za stoo, ili anayeishiwa ajue nani anacho, ukauliza mtumie programu gani na gharama mgawane vipi. Nimefungua picha ya orodha uliyoweka, mstari wa tatu unasema "shokapu IST – 14", yaani shokapu za Toyota IST, basi. Mstari kama huo ulikula milioni 7.2 zangu.

Sisi tulikuwa maduka matano. Jamaa aliyejiita mtaalamu wa mifumo akatuambia tuandike majina tu, namba zitatuchelewesha, mfumo utajipanga wenyewe. Tukamlipa, akaondoka. Hadi leo nikimkumbuka nakasirika, maana hakuwahi hata kushika boksi la spea. Mmoja wetu kaandika "shokapu mbele IST", mwingine "shoki IST", wa tatu "IST new model", vyote vikajumlishwa pamoja. Ikaonekana hiyo ndiyo bidhaa inayokimbia kuliko zote. Tukaagiza Dubai jozi 60. Mkopo nikachukua mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyewashawishi wenzangu. Mzigo umefika, fundi anafunga ya kwanza, imegoma kukaa. Zote za NCP110, yaani IST ya toleo jipya (hiyo ndiyo modeli, inaanzia namba ya chesisi)! Wateja wetu, teksi za hapa mjini na za Sengerema, wengi wana NCP61, ile ya zamani. Gari la kijana mmoja lilikaa juu ya mawe siku nne na bosi wake anataka hesabu kila jioni. Yule kijana hajakanyaga tena dukani kwangu.

Jina IST linabeba NCP60, 61, 65, halafu 110, 115 na ZSP110. Na kwenye namba za Toyota, 48510 ni shokapu ya mbele kulia, 48520 ya mbele kushoto. Zinazofuata baada ya kistari ndizo zinazokwambia ni ya gari gani. Ukiandika jina peke yake, hayo yote umeyafuta.

Wajerumani walipoanzisha Catena-X, mtandao wa kampuni za magari kupeana data, mwaka 2021, wakiwemo BMW na Mercedes-Benz, hawakumwaga data zao kapu moja. Kila kampuni inabaki na zake, inamfungulia mwenzake anachohitaji tu, na kipande kinatambulishwa kwa namna ambayo wote wanaisoma sawasawa. Bila hilo la mwisho, mengine hayafanyi kazi.

Kwa hiyo fungeni maduka mapema jioni mbili, msome namba kwenye kila boksi. Boksi likiwa limechanika, someni kwenye spea yenyewe. Isiyo na namba isiingie kwenye orodha ya pamoja, hata kama mwenye duka ni shemeji yako. Mteja akipiga simu kutoka Geita, mwombe picha ya kadi ya gari uone namba ya chesisi kabla hujatamka "ipo".

Jozi 41 bado ninazo. Mwenye NCP110 anitafute.