Kuvuta intaneti kutoka nyumba kubwa hadi banda la uani: faiba au kebo ya shaba?
Faiba (kebo ya uzi wa kioo inayopitisha mwanga badala ya umeme), mkuu, hata kama ni mita 40 tu na kebo ya shaba ingefika (kikomo chake ni mita 100). Sababu ni radi. Shaba inayounganisha majengo mawili hupitisha umeme wa radi kutoka jengo moja hadi jingine, kioo hakipitishi. Nililijua hilo kwa hasara: masika, radi ikapiga mnazi wa jirani, asubuhi ruta ya ndani na swichi ya mtandao ya bandani zote kimya, zinanuka plastiki iliyoungua.

Nunua faiba ya singomodi (aina yenye njia moja nyembamba ya mwanga) ya nje, iliyofungwa vichwa (plagi za mwisho) kiwandani, usihangaike kutafuta mwenye mashine ya kuunganishia nyuzi. Bomba la PVC liwe pana kiasi cha kichwa kupita, na uache kamba ndani kwa ajili ya siku nyingine. Usivute kwa kushika kichwa. Midia konveta (visanduku vya kila mwisho vinavyounganisha faiba na kebo ya kawaida ya mtandao) za uzi mmoja huenda kwa jozi, A na B. Ukiweka A pande zote mbili, taa ya linki haiwaki ng'o.

Ila kebo ya faiba yenye waya wa chuma ndani inarudisha tatizo lilelile la radi, labda chuma kifungwe ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) inavyotakiwa. Chukua isiyo na chuma.