Bahasha Ikifika, Kazi Imefika Nusu

Msomaji anayetaka kukodisha diski za michezo kwa posta ameuliza: nianze na kadibodi au plastiki? Swali limebisha mlango usio wake. Kifungashio cha kuuza husafiri mara moja, cha kukodisha husafiri mara mbili, na safari ya pili hufungwa na mtu usiyemlipa, mezani kwake, huku anawaza mambo mengine. Basi uliza kwanza: kitarudi vipi?

Mfano uliojaribiwa kuliko yote ni wa Netflix, kampuni ya Marekani iliyokodisha DVD kwa posta kuanzia 1998 hadi Septemba 2023. Kabla ya kuanza, waasisi wake Marc Randolph na Reed Hastings walitia CD kwenye bahasha ya kadi ya salamu na kuituma kutoka mjini Santa Cruz, California, hadi nyumbani kwa Hastings, mjini humo humo. Ikafika nzima. Jaribio zuri, lakini lilithibitisha jambo moja tu, kwamba diski inaweza kufika. Barua moja ndani ya mji mmoja haikuambii litakalotokea kwa bahasha elfu kumi zinazopita kwenye mikanda ya mashine.

Uzito ndio uliotawala mwanzoni. Stempu ya kawaida ya Marekani, senti 32 mwaka 1998, ilibeba aunsi moja, yaani gramu 28.35. DVD ina kipenyo cha sentimita 12 na uzito wa gramu 16 hivi. Zinabaki gramu 12 za kila kitu kingine.

Fanya hesabu kwenye karatasi kabla ya kukata chochote. Bahasha ya kwenda na kurudi ina kurasa tatu: ya mbele yenye anwani ya mteja, ambayo huchanwa na kutupwa, kisha mbili zinazobaki kwa safari ya kurudi. Kila ukurasa ukiwa sentimita 14 kwa 20, jumla ni mita za mraba 0.084. Kwa karatasi ya gramu 120 kwa mita ya mraba, hiyo ni gramu 10. Mfuko wa ndani wa Tyvek, ile nyuzi ya plastiki isiyochanika, huongeza kama gramu 2. Umefika 28, na gundi hujaipima. Gundi ina uzito! Shuka hadi karatasi ya gramu 100 ubakiwe na pumzi. Kadibodi ya gramu 300, hata ikiwa na kurasa mbili tu, peke yake ni karibu gramu 17, na ukiongeza diski umeshavuka aunsi na unalipa zaidi kwenda na kurudi. Ndiyo maana Netflix walioanza na kadibodi nzito na kujaribu plastiki waliishia kwenye karatasi.

Umbo nalo lina sheria zake. Diski ni duara, kwa hiyo mkono wa mbunifu hukimbilia bahasha ya mraba. Usifanye hivyo. Posta ya Marekani hutaka urefu uwe kati ya mara 1.3 na 2.5 ya kimo, na unene usizidi robo inchi, la sivyo hutozwa zaidi ya barua ya kawaida. Sentimita 14 kwa 20 ni uwiano wa 1.43, unapita.

Lakini kupita kwenye rula si kupita kwenye mashine. Mashine ya kupanga barua huendesha zaidi ya barua 30,000 kwa saa na kuzikunja kuzunguka roli, yale magurudumu ya ndani ya mashine. Diski ya DVD ni tabaka mbili za plastiki zilizogundishwa pamoja, kila moja milimita 0.6. Ikikunjwa mno, ufa huelekea kuanzia kwenye tundu la katikati. Upande wa kurudi kuna balaa jingine. Ukurasa wa mbele umeshachanwa, diski imeteleza nyuma, na ukingo unaotangulia kwenye mkanda umebaki karatasi tupu iliyolegea. Hujikunja, hukwama, na bahasha zinazofuata hurundikana juu yake.

Hili si la kufikirika. Mwaka 2007 ofisi ya ukaguzi ya posta ya Marekani iliripoti kwamba asilimia 70 ya bahasha za DVD zilizokuwa zikirudi kwa kampuni moja kubwa ya kukodisha zilipangwa kwa mkono, kwa gharama ya dola milioni 41.9 katika miaka miwili. Ikapendekeza ada ya ziada ya senti 17 kwa kila moja. Bahasha iliyoonekana kushinda ilikuwa inabebwa na mikono ya watu. GameFly, waliokodisha diski za michezo, walivunjikiwa diski kwenye mashine, wakalazimika kutumia bahasha kubwa bapa yenye kipande cha kadibodi ndani na kulipa zaidi. Mwaka 2009 waliwasilisha malalamiko kwa tume inayosimamia posta, na mwaka 2011 ikakubali kwamba walibaguliwa, maana bahasha za Netflix zilipangwa kwa mkono bila ada ya ziada. Nani anataka biashara inayotegemea hisani ya karani?

Sasa majaribio yenyewe. Badilisha kitu kimoja tu kila safari. Ukibadili karatasi na gundi pamoja, hutajua kipi kilikuponya. Toa bahasha za muundo A na za muundo B siku moja, kutoka sanduku moja, kwenda miji ileile, zikiwa na diski tupu. Pima kumi kwa pamoja kwenye mizani ugawe kwa kumi, maana mizani ya bei nafuu haioni nusu gramu. Na usishangilie bahasha 50 zilizorudi salama. Muundo unaovunja diski 1 kati ya 100 una nafasi ya karibu asilimia 60 ya kukuonyesha sifuri katika 50. Ukituma 300 bila hata moja kuvunjika, hapo unaweza kusema kwa uhakika wa kutosha kwamba hasara iko chini ya asilimia moja.

Mstari wa vitobo, pale mteja anapochana ukurasa wa mbele, hujaribiwa kwa watu, si kwa mashine. Vitobo vikikaribiana sana, bahasha huchanika njiani. Vikiachana sana, mteja huvuta kwa hasira na kuchana hata ukurasa wa kurudishia. Mpe mtu asiyeijua bahasha hiyo, usimweleze lolote, mtazame mikono.

Dirisha dogo la kuonyesha msimbo wa mistari ulio kwenye mfuko wa ndani lilikuja baadaye kwa Netflix, nalo ni la thamani, kwa sababu mpokeaji wa ghala huisoma diski bila kufungua bahasha. Ila mteja ataugeuza mfuko. Chapa msimbo pande zote mbili.

Kwa anayetuma kwa mabasi ya mikoani, kama wengi wetu Afrika Mashariki, adui si roli ya mashine. Ni gunia la mtu mwingine juu ya kifurushi chako, pamoja na unyevu wa buti ya basi. Hapo gramu hazina uchungu na kadibodi inarudi kuwa rafiki, lakini gundi ya kufungia mara ya pili iweke chini ya utepe wa kubandua. Gundi iliyo wazi hushika vumbi safari ya kwanza, na ikifika zamu ya mteja haigandi tena.