Mdogo wangu injinia, anza na maungio

Hii naandika kwa ajili ya wadogo zangu mnaotoka DIT, CoET pale Mlimani na vyuo vingine, mmepata kazi kiwandani au kwenye kampuni za kufunga mitambo, halafu bosi kakwambia "wewe utaangalia mfumo mzima". Hongera, ila ukweli ni kwamba wengi mnaopewa hiyo kazi hamuambiwi ni kazi gani. Umeme una mtu wake, bomba zina mtu wake, programu ya PLC (ile kompyuta ndogo inayoendesha mtambo) ina mtu wake, sasa wewe unaangalia nini? Unaangalia pale wanapokutana. Basi.

Ushawahi kuwa kwenye kamati ya harusi? Kamati ya vinywaji imenunua vinywaji vyote, kamati ya ukumbi imelipa ukumbi na viti vipo, kamati ya chakula wako vizuri, saa mbili usiku bia na soda zote za moto maana barafu kila mmoja alijua ni ya mwenzake. Ukimkagua mmoja mmoja hakuna aliyekosea. Mitambo inaharibika hivyo hivyo.

Dar hapa hapa tuna reli za vipimo vitatu, reli ya kati ya zamani upana ni milimita 1000, TAZARA ni 1067, SGR ya umeme ni 1435. Kila moja ukiikagua peke yake ni reli nzima isiyo na kasoro. Ila nenda Kidatu, pale reli ya kati na TAZARA zinapokutana, mzigo inabidi ushushwe behewa hili upakiwe lile kwa sababu ya tofauti ya milimita 67. Wenye reli walau walijua tangu mwanzo kwamba hazifanani, wakajenga kituo cha kuhamishia mzigo. Kiwandani kwako tofauti ya namna hiyo utaigundua siku ya kuwasha.

Nipige mfano mmoja nikae nao sana maana umebeba karibu kila kitu. Kiwanda kimoja hapa mjini walileta mashine iliyotumika kutoka Marekani, ina pampu yake na mota yake. Mota kibao chake kinasema volti 460, hezi 60. Sisi huku ni volti 400, hezi 50. Fundi umeme akapiga hesabu kichwani akaona 460 gawa kwa 60 na 400 gawa kwa 50 zinakaribiana, kwahiyo mota haitachemka, na kweli haikuchemka, ampea ziko chini ya kibao, akasaini. Makenika akaangalia alaimenti, yani kama mota na pampu zimekaa mstari mmoja, hakuna mtikisiko, akasaini. Mtu wa bomba, hakuna panapovuja, akasaini. Halafu maji hayafiki kwenye tenki la juu. Wiki nzima watu wanarushiana mpira, umeme anasema pampu mbovu, makenika anasema bomba jembamba, mtu wa bomba anasema umeme mdogo.

Sasa ona. Mota ya nguzo nne za sumaku kwenye hezi 60 inazunguka kama 1800 kwa dakika, kwenye hezi 50 inashuka 1500. Pampu ya kuzungusha maji ikipungua kasi, kiasi cha maji kinapungua kwa uwiano uleule, yani unabaki na asilimia 83, lakini ule uwezo wa kupandisha maji juu unapungua kwa mraba wa kasi, unabaki na asilimia 69 hivi. Pampu iliyokuwa inapandisha mita 30 sasa mita 21 inatafuta. Hakuna kifaa kibovu hata kimoja! Ikabidi inunuliwe inveta, kifaa cha kubadilisha hezi za umeme, na hata hiyo inveta ilibidi ipigiwe hesabu upya kwa sababu kwenye hezi 60 mota ile inataka volti 460 na laini yako inatoa 400, kwahiyo nguvu inapungua. Hela na muda vikaenda kwa jambo ambalo lingeisha kwa mtu mmoja kuuliza mapema, kabla kontena halijapanda meli: hii mota ikifika kwetu itazunguka kasi gani na pampu itafanyaje? Swali hilo halikuwa la umeme wala la makenika, lilikuwa katikati, na katikati hakukuwa na mtu.

Mfano mwingine wa haraka, thredi za bomba. Huku kwetu nyingi ni za kiwango cha Kiingereza, BSP, mashine za Marekani zinakuja na kiwango chao, NPT. Saizi ya nusu inchi zote zina meno 14 kwa inchi, kwahiyo inaingia, inakaza mizunguko kadhaa, fundi anafurahi anaongeza tefloni. Ila pembe ya meno ni digrii 55 upande mmoja na 60 upande wa pili, presha ikipanda inaanza kulia machozi na hakuna tefloni itakayokuokoa. Afadhali ya inchi moja, ile inagoma mapema kwa sababu meno ni 11 na 11.5. Kitu kinachogoma kuingia kabisa ni rafiki yako, ogopa kile kinachoingia kirahisi.

Na sensa za presha, hizi ndo kila siku. Sensa inatoa miliampea 4 mpaka 20 (4 ni presha ya chini kabisa, 20 ya juu kabisa), imepangwa 0 mpaka 10 bar. Aliyeandika programu ya PLC yeye kwenye karatasi yake alikuwa na sensa ya 0 mpaka 16. Ikija miliampea 12, kwenye bomba kuna bar 5, kwenye skrini opereta anasoma bar 8. Waya uko sawa, sensa iko sawa, programu haina eraa yoyote. Umeelewa ninachosema lakini.

Kwahiyo silaha yako ya kwanza ni karatasi ya maungio. Usisubiri programu ya bei mbaya, Excel inatosha kabisa. Chora jedwali la mraba, vifaa vyote vya mtambo viandike kwenye mshazari kutoka kona ya juu kushoto mpaka chini kulia, halafu kila chumba kinachobaki kinaonyesha kitu kinachotoka kifaa hiki kwenda kile: umeme, maji, hewa, ishara za sensa, data, hata mtu anayebeba ndoo kama kuna hatua ya kubeba ndoo (na ipo, viwanda vyetu unavijua). Chumba kikiwa na kitu, fungua mstari wake pembeni: kinapita nini, kwa kipimo gani, kutoka ngapi mpaka ngapi, nani analeta, nani anaunga, nani anapima, na kikikatika ghafla upande wa pili unatakiwa ufanyeje. Hilo la mwisho watu wanaliruka sana. Umeme ukikatika halafu ukarudi baada ya dakika, valvu inabaki wazi au inafunga? Mota inawaka yenyewe au inasubiri mtu abonyeze? Kama kuna fundi kaingiza mkono pale ndani hilo swali sio la kitaaluma tena.

Kwenye safu ya "nani" weka jina la mtu. Usiandike "timu ya umeme", timu haipokei simu.

Sasa hapa wasomi watasema mbona kuna viwango vya kimataifa. Vipo, ISO/IEC/IEEE 15288 ilitoka 2002 na toleo la karibuni ni la 2023, na kuna INCOSE, chama cha watu wa fani hii ya uhandisi wa mifumo kilichoanza 1990. Visome, lakini ukivisoma kabla hujasimama kwenye saiti hata moja utavikariri kama dua usiyojua maana yake. Chukua kwanza wazo moja humo, ule mchoro wa V: kila mahitaji unayoandika upande wa kushoto, andika palepale siku hiyohiyo utakavyoyapima upande wa kulia. Bosi akisema "nataka mashine iende kasi", usiandike hivyo. Muulize mpaka ifike kitu kama chupa 6,000 za nusu lita kwa saa kwa shifti nzima ya masaa 8, tukipima kwa chupa zetu wenyewe na lebo zetu wenyewe. Lile la chupa zetu wenyewe ni muhimu kuliko ile 6,000, maana fundi wa kampuni inayouza anakuja na chupa zake nzuri, mashine inatembea kama malaika, anapanda ndege anarudi kwao, kesho mnaweka chupa zenu zinaanza kulala.

Tuje kwa watu maana hapa ndo vijana wengi mnakwama, hesabu mnajua.

Fundi mzee aliyekaa kiwandani tangu hujazaliwa, unaanza na shikamoo na unamsikiliza, na usimuulize swali gumu mbele ya bosi. Akiwa hajui atajibu tu ili asiaibike na wewe utaandika hilo jibu. Mfuate kwenye mashine mkiwa wawili. Na jibu la hatari kuliko yote Dar ni "haina shida bosi". Ukilisikia hilo usibishe, sema tu "sawa mzee wangu, nionyeshe". Mara nyingi mkifika pale mbele ya paneli anakuna kichwa mwenyewe, anasema unajua hapa bwana kuna waya mmoja hivi...

Wageni hivyohivyo. Utafanya kazi na Mchina, Mturuki, Mhindi, wote mnaongea Kiingereza cha kuokoteza na kila mmoja anaitikia kwa kichwa. Msimalizane kwa maneno. Chora, weka namba, weka kipimo (bar au psi, sema, maana bar moja ni psi 14.5), mwambie naye aandike kwa mkono wake kwenye huo mchoro, saini zote mbili, picha, imeili. Ukiona mchoro hauna namba ya toleo na tarehe, usiufanyie kazi. Yale mafaili ya "final", "final mpya", "final kabisa" yashakula hela za watu wengi mjini hapa.

Grupu la WhatsApp ni zuri kwa kuulizana gari limefika wapi. Sio pa kubadilishia mtambo. Mnajua kile chombo cha NASA, Mars Climate Orbiter, kilichopotea Septemba 1999 kikifika Mars? Kila mtu anakumbuka ile ya vipimo, programu ya upande wa mkandarasi ilitoa namba kwa pauni na upande wa pili wakazisoma kama nyutoni, tofauti mara 4.45, chombo cha dola milioni 125 kikaisha. Ila ukisoma ripoti ya uchunguzi kuna kitu kinaniuma zaidi: watu wa kuongoza njia walikuwa wameshaona namba hazikai vizuri, wakaulizana kwa imeili badala ya kulifungulia tatizo kwenye mfumo rasmi wa kuripoti, likapotelea humo. Yani hofu ilikuwepo, haikuwa na namba wala mwenyewe. Kwahiyo ukiwa na wasiwasi, hata mdogo, hata unaona aibu, uingize kwenye orodha ya matatizo yaliyo wazi, upe namba, jina na tarehe. Kwenye grupu utazamia chini ya picha za birthday na michango ya msiba ndani ya lisaa.

Halafu mtu atakuletea programu ya mtambo wa zamani, "hii inafanya kazi miaka mingi, kopi tu". Roketi ya Ariane 5 ililipuka tarehe 4 Juni 1996, haikumaliza hata dakika moja hewani, kwa programu iliyotoka Ariane 4 ambako ilikuwa haijawahi kusumbua. Roketi mpya ilikuwa na kasi ya pembeni kubwa zaidi, namba ikakataa kuingia kwenye nafasi ya biti 16, na kompyuta ya akiba nayo ilikuwa na programu ileile kwahiyo nayo ikazima. Kukopi ruhsa, ila kaa na aliyeandika umuulize hii aliiandika akitegemea nini.

Mambo ya kugombania sifa yapo, nisikudanganye. Ukizuia tatizo kabla halijatokea hakuna atakayekupongeza, atapongezwa aliyelala kiwandani kulirekebisha. Zoea. Ila karatasi zako tunza, ukiingia kwenye ile miaka mitatu ya SEAP, mafunzo ya kazini ya wahandisi wahitimu, chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi utatakiwa kueleza kazi uliyofanya wewe mwenyewe, na karatasi ya maungio yenye jina lako ni ushahidi mzuri kuliko "nilishiriki kufunga mtambo".

Siku ya kuwasha usikubali kuwasha vyote kwa mpigo kisa mheshimiwa mgeni rasmi yuko njiani. Pima kifaa kimoja, kisha viwili vilivyoungana, kisha mstari mzima bila mzigo, kisha na mzigo wenyewe, na katikati ya mzigo zima umeme makusudi uone kila kitu kinaangukia wapi. Watakununia, wape juisi muendelee. Na muite fundi wa shifti ya usiku awepo, asiwe wa mchana peke yake, maana yule wa usiku ndo atakuwa mwenyewe saa tisa alamu ikilia, na kama hakuna aliyemwambia kwamba ile valvu inafunga yenyewe umeme ukikatika, namba atakayopiga ni ya kwako.