Misheni ya familia: nani anachota maji ya wageni?

Likizo ya Desemba ikikaribia, simu yangu hujaa maswali ya familia zinazojiandaa kwenda misheni vijijini. Nimechagua machache. Mlioniuliza rangi ya sare, kamuulizeni fundi wenu.

Swali: Bwana Yesu asifiwe, mama. Tuko familia sita, watu 28, tunakwenda Kiteto, mkoani Manyara, siku tano na Kosta ya kukodi. Tubebe nini?

Jibu: Amina. Kila mwaka mnaniuliza mbebe nini, hakuna anayeuliza mtamaliza nini huko.

Chukueni maji peke yake. Mtu mmoja kwa siku ni lita 15, hapo anakunywa, anapikiwa na kuoga kwa kujibana. Watu 28 ni lita 420, yaani madumu 21 ya lita 20, kila siku. Nani anayachota? Mwaka mmoja tulifikia kwa mchungaji wa kijiji. Saa tano usiku natoka kwenda msalani, namkuta mama mchungaji anarudi kisimani na binti zake wawili, ndoo kichwani, kitochi amekibana kwa meno. Watoto wetu siku hiyo walikuwa wameoga mara mbili kwa sababu ya vumbi. Asubuhi tukaimba pambio la kumshukuru Mungu kwa ukarimu wa wenyeji. Mimi pambio lile lilinikwama kooni.

Basi mlipeni mwenye punda awajazie mapipa kabla hamjafika. Unga, maharage na mafuta nunueni soko la Kibaigwa mkipita. Mahindi mengi ya Kiteto yenyewe hupitia soko hilo. Mpishi awe mmoja wenu. Mwenyeji akiwachinjia kuku, pokeeni, kukataa ni kumtukana, ila msikae mkao wa kungoja wa pili. Na kumbukeni Desemba mvua imeshaanza na watu wako shambani. Mkiweka mkutano saa nne asubuhi mtawahubiria mbuzi.

Swali: Watoto wetu wamezaliwa Dar, hawajawahi kushika jembe. Watafanya kazi gani?

Jibu: Kudondosha mbegu. Mkubwa anachimba shimo, mtoto anatia punje, anafukia kwa mguu. Hata wa miaka saba anaweza, na akikosea, mwenye shamba atamwelekeza mwenyewe. Hilo nalipenda kuliko kupaka rangi darasa. Nimeona ukuta uliopakwa na vijana wetu, rangi imeteremka mpaka sakafuni, na wiki iliyofuata kijiji kikachanga kumlipa fundi aurudie. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ninyi mnakaa tano, ombeni jembe siku ya kwanza.

Swali: Tunaweza kukusanya mitumba ya kugawa?

Jibu: Kama ungeivaa wewe Jumapili, beba. Kama sivyo, ni dekio, lifanyie kazi yake huko huko kwako.

Swali: Mtoto wangu ana miaka miwili. Ni salama kwenda naye?

Jibu: Hili nimelijibu mpaka nimechoka. Chandarua, maji yaliyochemshwa, na homa ikipanda mpeleke akapimwe, usisubiri maombi ya jioni yaishe. Waliowatangulia hawakuwa na nafasi hiyo. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosine akiwa mjamzito. Mwezi wa Julai alijifungua, na ndani ya siku chache mama na kichanga wote wakafa kwa homa. Ninyi mna kipimo cha malaria cha dakika chache na dawa ya mseto kwenye zahanati, halafu mama ananiambia imani yake inatosha. Imani yako ni yako, mwanangu. Mtoto hajaulizwa.

Swali: Tutatembelea kituo cha yatima. Watoto wetu wanaweza kupiga picha nao kwa ajili ya ripoti ya kanisa?

Jibu: Hapana. Na hata hiyo safari ya kituoni ningeifuta. Mtoto anayekumbatiwa na wageni Jumatatu na kuachwa Ijumaa, mwezi ujao wakaja wengine, mnamfundisha nini? Wengi wao wana bibi, shangazi au baba mdogo. Pesa ya mafuta ya Kosta yenu ingemsaidia huyo bibi kumlea nyumbani. Kuhusu picha, nilimshuhudia mzee wa kanisa akimwambia mvulana avue viatu ndipo apigwe. Viatu vilikuwa vipya, amenunuliwa na mama yake. Yule mtoto alivishika nyuma ya mgongo mpaka picha ikaisha. Je, watoto wenu wangepigwa picha shuleni na watu msiowajua, bila ninyi kuulizwa, mngenyamaza?

Swali: Niko Minnesota. Familia nne za kanisa letu zinakuja Iringa kujitolea wiki tatu. Viza ya utalii inatosha?

Jibu: Haitoshi. Viza ya utalii ni ya kutalii, na kazi ya kujitolea nayo ni kazi. Wamisionari na wanaojitolea wana kibali chao, daraja C, na kwa muda mfupi kama wenu kanisa mwenyeji liwaulize Uhamiaji taratibu kabla hamjakata tiketi. Huko kwenu Bega kwa Bega, ule ushirikiano wa Walutheri, imeunganisha sharika za Saint Paul na Iringa miaka mingi, waulizeni waliotangulia. Na mifuko ya plastiki ya kubebea acheni nyumbani, ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, itabaki uwanja wa ndege.

Swali: Mume wangu si mtu wa kanisa. Ni fundi bomba. Aje?

Jibu: Huyo ndiye wa kwanza kupanda gari. Mmoja wenu asiye na kazi abaki.

Swali: Tumerudi mwezi sasa, na mchungaji aliyetupokea hajatupigia hata simu ya kushukuru. Tumekosea wapi?

Jibu: Akushukuru kwa lipi? Mpigie wewe. Piga jioni, akishatoka shamba, na kama hapatikani rudia kesho yake, vijiji vile mtandao ni wa kuutafuta juu ya kichuguu. Mkimaliza salamu mwambie akupe mama watoto, umuulize lile pipa mlilopasua amepata lingine.